Mshambuliaji Asiye na Fomu

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Upepo tangu asubuhi. Vumbi la Kizota, mtaa wetu hapa Dodoma, limeingia mpaka kwenye chai. Na Kanuni mpya za usajili zimefika.

Kazileta Bwana Wambura mwenyewe, mwenyekiti wa kamati ya usajili ya mkoa, sajini mstaafu. Kaja kwa baiskeli, Kanuni ziko kwenye mfuko wa nailoni uliopigwa mafundo mawili. Akasimama ofisini kwetu, yaani kwenye kona tunayokodi ndani ya karakana ya mageti, akazisoma kwa kidole. Kila klabu ina kiwango cha mwisho cha fedha za kununulia wachezaji. Hakivukwi. Kila klabu ina wachezaji wa mkopo wawili. Hawazidi. Kasema siku hizi kila mwenye hela ni mfadhili, na yule tajiri wa mabasi anayewalisha Kimbunga FC ananunua wachezaji kama anavyonunua matairi. Timu ndogo zitakufa.

Maneno mazuri. Timu ndogo ndiyo sisi, Nyundo FC. Ila yametukuta pabaya. Kiwango chetu chote nilikimaliza mwezi wa sita kwa mshambuliaji wa kutoka Tabora. Mshambuliaji alifika. Goti lake lilibaki Tabora. Na wa mkopo tunao wawili tayari: Yotham, kipa, kutoka timu ya Zuzu, na Filipo, winga.

Hali yetu: wa pili kutoka mkiani, mechi tatu zimebaki. Jana wanachama wamepitisha kwamba timu ikishuka daraja, Katibu anashuka nayo. Katibu ni mimi. Miaka sita sasa. Kazini, masijala, naitwa "wewe wa mafaili". Na huko wanapunguza watu, orodha inasemwa iko mezani kwa mkubwa. Lakini nikifika Kizota hata muuza karanga ananiita Katibu. Sitaki kuiona siku ataniita Batholomeo.

Anyitike, katibu wangu msaidizi, alinifuata mlangoni, eti kuna jambo kuhusu Yotham. Nikamkatiza. Bwana huyu anakitaka kiti changu. Anavaa tai mpaka mazoezini.

Jumanne, 2 Agosti

Nimepata!

Baba mkwe katuletea maziwa. Nikamsifu kwa ng'ombe wake. Akasema ng'ombe si wake, ni wa rafiki yake wa Haneti, yeye anamtunzia tu. Miaka kumi nimeoa Ugogoni, jambo hili nalijua, ila leo ndiyo limeniingia. Mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa ndugu na marafiki, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja asibaki mikono mitupu. Anayetunza anakunywa maziwa. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Hakuna fedha, hakuna karatasi. Huko ndiko kuwekeshwa.

Nikaweka kikombe chini. Kanuni ya Nne inasema mchezaji wa mkopo ni yule aliyejaziwa fomu ya mkopo. Sasa kama hakuna fomu?

Kule Haneti kuna timu inaitwa Uwele Stars. Msimu huu haikuingia ligi yoyote. Ina mshambuliaji, Matonya, miaka ishirini na minne, anapiga mpira mpaka nyavu zinaomba radhi. Nitawekeshwa Matonya. Goli ndiyo maziwa.

Nikamweleza mke wangu. Hilda akauliza kama masharti yote ya kuwekeshwa nayajua. Nikamwambia yote. Akaniuliza ni yapi. Nikamwambia nina haraka.

Jumatano, 3 Agosti

Haneti. Kazini nimeaga kwamba naenda hospitali kupima macho. Sina hakika kama kuna aliyesikia.

Mwenyekiti wa Uwele Stars ni Mama Dorkasi. Mjane, mnunuzi wa karanga, mzee wa kanisa, ng'ombe hawahesabiki. Nikampa shikamoo yangu ya kiofisi. Akaipokea, akanitazama viatu, akaagiza togwa.

Nikaingia kwa adabu. Nikasema nimesikia mama ana mifugo mizuri, na mimi malisho yangu hayana mnyama. Akaelewa kabla sijamaliza. Kumbe katika maisha yake hajapata kumpa mtu wa mjini mnyama wa kutunza, kwa sababu watu wa mjini anawajua. Hao akifanya nao jambo hutaka karatasi. Nikamwambia mimi ni mkwe wa huku. Akafikiri. Akamwita shemeji yake Yoramu awe shahidi.

Masharti kayataja taratibu. Mnyama alishwe vizuri. Akiugua, yeye mama apewe habari. Atapita kumkagua siku asiyotaja. Akifa, aletewe ngozi, ajue kweli kafa na hakuuzwa. Hapo nikacheka. Yeye hakucheka, wala Yoramu. Na mwenye ng'ombe akipata shida, anakuja na kamba.

Nikasema naam, naam, naam. Nikanywa togwa kwa mkono wa kulia. Sikusaini popote. Wambura angeniona angelia.

Matonya alikuwa amesimama pembeni muda wote. Tukiwa njiani kwenye lori la mkaa akaniuliza kama kule mjini atapigwa picha ya leseni ya mchezaji. Nikamwambia atapigwa.

Ijumaa, 5 Agosti

Siku ya mwisho ya usajili. Nimefika kwa Bwana Wambura saa mbili asubuhi na Matonya kavaa shati langu la harusi. Vifungo viwili vimekataa.

Wambura akauliza mchezaji katoka timu gani. Nikasema hana timu. Akauliza anaishi wapi. Nikasema Kizota, nyumbani kwangu, ni shemeji. Akanitazama kwa muda ambao sikuupenda. Akamtazama Matonya. Matonya akatazama dari. Akaandika kwa wino mwekundu: Mchezaji huru. Akapiga muhuri.

Kidogo nimbusu.

Nje nikamkuta Anyitike na faili mkononi. Akaanza tena, Katibu, kuhusu mkopo wa Yotham. Nikamwambia Yotham ni mvivu, tangu Jumatatu hajaonekana mazoezini, nitamshughulikia. Akasema siyo hilo. Nikamwambia mjini shule, akasome kwanza. Kabaki amesimama na faili lake. Nilijisikia vizuri mpaka jioni.

Jumamosi, 6 Agosti

Nyundo 2, Veyula 0. Yote Matonya! La pili kalipiga akiwa amekaa. Sijui vipi. Nilikuwa nimefumba macho.

Muuza karanga kanipa pakiti ya bure. Kasema Katibu, akili yako kubwa. Nimeila taratibu.

Jumatano, 10 Agosti

Matonya anakula. Sisemi kwa ubaya, naandika kama ilivyo. Ugali wa uwele sahani mbili, sahani ya tatu anaisogeza mwenyewe. Na mlenda. Mimi mtu wa Songea, mlenda miaka kumi nimeukwepa, na Hilda miaka kumi ameumia moyoni. Sasa kapata mtu. Anaitwa "dada", anasifiwa chakula, anaimba jikoni. Jana nimewakuta wanacheka kwa Kigogo. Nikauliza wanacheka nini. Wakasema hakuna.

Leo saa kumi Mama Dorkasi katokea bila taarifa, kama alivyoahidi. Hakukaa. Akamzungusha Matonya uani, akamtazama meno, akamkanda paja, akauliza anakunywa maji ya wapi na anatembea na nani. Wapangaji wote wametoka kuangalia. Akasema amepungua mgongoni. Hilda akachukia, akamletea sufuria aone. Akaridhika.

Kisha akaniuliza mimi kama ni mgonjwa. Nikasema hapana. Akasema basi na mimi nile.

Jumamosi, 13 Agosti

Sare, moja kwa moja. Goli letu Matonya, goli lao kipa wetu wa akiba, ambaye aliupokea mpira kwa heshima kubwa akaingia nao. Yotham bado hajarudi. Nimemwandikia barua kali ya nidhamu. Anyitike kakataa kuipeleka Zuzu. Kasema Katibu, ukiipeleka hii utachekwa. Nimeiandika hiyo kwenye daftari la makosa yake, namba kumi na saba.

Imebaki mechi moja. Jumamosi ijayo, na Kimbunga FC, wale wa mabasi. Tukitoka sare tu, tumepona.

Ijumaa, 19 Agosti

Roho kwatu. Nimeagiza muhuri mpya wenye jina langu, KATIBU chini yake. Fundi kauliza kama nina hakika. Nimemwambia apige.

Matonya yuko uani anasugua viatu. Kaniuliza leseni yake iko wapi, anataka kuiona tu. Nikamwambia iko kabatini klabuni, nimeifungia isipotee. Akasema hajawahi kuwa na karatasi yenye picha yake. Nikamwahidi kwamba Jumapili nitamwonyesha. Hilda akaniambia nimwonyeshe leo. Nikasema Jumapili.

Jumamosi, 20 Agosti

Naandika kwa shida.

Saa tatu asubuhi Mama Dorkasi kasimama uani na kamba. Kamba kweli, ya katani, kaizungushia mkononi. Nyuma yake Yoramu, shahidi.

Nikamkaribisha chai. Akasema hajaja kwa chai. Ana shida. Leo saa kumi Uwele Stars inacheza na kijiji jirani, na atakayeshinda anachukua dume la ng'ombe. Mwaka jana walifungwa, na huko kijijini mpaka watoto wamewatungia wimbo. Amekuja kuchukua mnyama wake.

Nikasema haiwezekani, leo ni leo. Akaniuliza kama masharti niliyasikia. Nikasema niliyasikia. Akaniuliza niliitika nini. Yoramu akasema aliitika naam mara tatu.

Nikasema nitakwenda kwa Wambura. Na hapo hapo nikajiuliza. Niende nikamwambie nini? Kwamba mchezaji asiye na timu amechukuliwa na timu yake?

Nikamshika Mama Dorkasi mkono. Nikamwambia mama, nikishuka leo mimi si kitu tena. Sikupanga kusema hivyo. Limetoka tu. Macho yake hayakuwa mabaya. Akasema mwanangu, hata mimi nina watu wanaonisubiri, na mimi ndiye niliyekuja na kamba. Akamkabidhi Matonya kamba aishike mwenyewe.

Matonya kamuaga Hilda kwa mikono miwili. Mimi akaniambia, shemeji, ungeniandika tu. Mtu akiandikwa anajulikana yuko wapi, hata akiitwa na wawili.

Wameondoka na lori la saa nne.

Nyundo 0, Kimbunga 1. Dakika ya themanini na tatu. Tumeshuka. Nilipopita, muuza karanga alijifanya anapanga karanga.

Jumapili, 21 Agosti

Nimekwenda kwa Bwana Wambura na kumwambia yote. Hilda ndiye aliyenisukuma. Kasema njia ya mwongo fupi, na yangu imeishia mlangoni kwa Wambura.

Nilitegemea anifokee kijeshi. Hakunifokea. Alifungua mafundo mawili ya nailoni, akasoma kwa kidole. Kanuni ya Tisa: mchezaji wa mkopo mwenye fomu hatarudishwa na timu yake kabla ya siku iliyoandikwa, hata kwa shida. Akasema Kanuni hii imewekwa kwa ajili ya klabu kama yetu, isiyo na ubavu wa kugombana na mtu. Fomu ni bure. Ziko pale kwenye boksi.

Nikamwambia hata hivyo nisingeweza, nilikuwa na wawili tayari, nafasi haikuwepo.

Akatoa faili. Mkopo wa Yotham ulikwisha tarehe thelathini na moja Julai. Yotham karudi kwao Zuzu na barua ya shukrani kaiacha klabuni. Kuanzia tarehe mosi Agosti nafasi ilikuwa wazi. Akasema alidhani najua. Aliambiwa na katibu wangu msaidizi.

Nikakaa kwenye boksi la fomu. Bwana Wambura kanipa maji. Kwa upande wa uongo kanifungia kusajili mtu kwa mwaka mmoja. Kwa upande mwingine kanisindikiza mpaka barabarani akisukuma baiskeli, na akasema hata yeye jeshini alipoteza ghala zima la mablanketi kwa kutokumsikiliza koplo.

Nyumbani nimekuta mguu wa ng'ombe. Uwele Stars wameshinda, Matonya matatu. Mama Dorkasi kautuma, ni haki ya mtunzaji. Hilda kaupika na bamia. Nilikuwa nimeapa kutoonja. Ulikuwa mtamu.

Leseni ya Matonya nimeitoa kabatini. Katika picha amefumba jicho moja, kavaa shati langu. Nimempa Yoramu, aliyeleta nyama, ampelekee.

Jumapili, 28 Agosti

Mkutano wa wanachama. Anyitike ndiye Katibu. Kura zote isipokuwa moja, na ile moja mwenyewe nilisahau kuikunja, wameiona.

Sikulia. Nilipangusa vumbi.

Kisha jambo la ajabu. Mama Dorkasi kasimama nyuma ya ukumbi, kitenge kipya. Uwele Stars inaingia ligi ya wilaya, haina katibu. Anaomba Nyundo imwazime Batholomeo, Jumamosi na Jumapili. Kasema mtu huyu ni mwongo, ila alimlisha mnyama wake vizuri, na alipochukuliwa hakutupa jiwe.

Wanachama wamepiga makofi mengi mno, sikuyapenda yote. Anyitike kasimama na tai yake, kaleta karatasi, kataka tuandike: naazimwa kwa muda gani, nani anaweza kuniita, lini narudi. Kaongea vizuri, hakunidhihaki, hilo namwandikia hapa.

Nikamkataza. Nikasema ya nini karatasi baina ya watu wanaoheshimiana? Nawekeshwa kimila. Kwa karatasi ningefungwa mpaka tarehe iliyoandikwa. Kwa mila Nyundo ikipata shida inakuja kunichukua siku yoyote. Anyitike kauliza kama nina hakika. Hilda kafunika uso kwa kanga.

Nimewanunulia kamba mwenyewe, mpya, ya katani. Nimemwonyesha Anyitike msumari wa kuitundikia.

Jumapili, 25 Septemba

Haneti. Wikiendi ya nne. Kazini sikupunguzwa. Orodha imetoka, jina langu halimo, inaelekea hawakunikumbuka.

Hapa watu wananiita Katibu. Mama Dorkasi ananikagua mgongo kila Jumamosi. Matonya leseni kaitundika ukutani sebuleni, kwenye fremu ya kalenda, na kila mgeni anaonyeshwa. Si mahali pabaya. Ila meza yangu nimeiweka dirishani, panapoonekana barabara ya Dodoma. Nyundo imefungwa mechi tatu za kirafiki mfululizo. Shida wanayo.

Leo saa sita lori limesimama. Kashuka Filipo winga. Mkononi kamba. Kamba yangu, naijua, katani mpya! Nikasimama. Nikamwita Mama Dorkasi, nikamwambia mama, mwenyewe kapata shida. Nikachukua begi. Nilikuwa nalipanga tangu wikiendi ya kwanza.

Filipo akaivuta kamba kutoka nyuma ya lori. Mwisho wa kamba kulikuwa na mbuzi. Kamnunua mnadani, ana ubatizo wa mtoto, na Katibu Anyitike alimwazima kamba kwa kuwa ilikuwa haina kazi. Kapita tu kuchukua ufunguo wa kabati la klabu, ambao nimeondoka nao.

Nikamuuliza kama Anyitike kasema neno jingine lolote. Akafikiri sana, ni mtu mwema. Akasema alisema nisalimiwe.

Nimempa ufunguo. Mama Dorkasi kalirudisha begi ndani mwenyewe, kisha kaniletea ugali na mlenda. Nimeula wote. Unapita bila kutafunwa, hilo ndilo lilikuwa likinitisha.

Mchana tumejadili usajili. Hatuna kipa. Nimemkumbuka Yotham wa Zuzu, anakaa tu. Mama Dorkasi kasema kwa kuwa Zuzu ni watu wa relini na mila hii hawaijui, tujaze fomu. Matonya naye kasema tujaze fomu. Boksi zima la fomu Bwana Wambura kampa Mama Dorkasi bure, asaini yeye maana mimi nimefungiwa, liko chini ya meza yangu, naegeshea miguu.

Nimewaambia waniachie mimi. Kuna baba mdogo wa Yotham namfahamu, tumekunywa naye togwa mara moja. Nakwenda Jumatano, kazini nitaaga kwamba napima meno. Karatasi ya nini?